Sharti la Sifongo

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii hutumiwa zaidi kumwonya mtu mwenye ulimi mwepesi au mkono wa haraka kuliko kuzungumzia habari za maji. Walakini nguvu yake yote yatoka katika maji. Aliyepata kuuangusha mtungi kizingitini hahitaji kufafanuliwa. Maji hukimbilia bondeni, hunywewa na ardhi, hukaushwa na jua, na mwenye mtungi hubaki na vigae. Basi ni jambo la kustahili kufikiriwa kwamba imo dunia moja, iliyobuniwa na binadamu na kuzuriwa kila siku na vijana wa mataifa mengi, ambamo hata maji ya bahari huzoleka, na chombo cha kuyazolea ni tofali la manjano lenye vitundu, liitwalo sifongo. Dunia hiyo ni mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Katika mchezo huo sifongo ni kitu kidogo, na wengi hucheza miaka bila ya kuishika mkononi. Historia yake, hata hivyo, ina fundisho kubwa kwa kila ashughulikaye na kazi za ubunifu, kwa sababu kitu kilekile, chenye jina lilelile na umbo karibu lilelile, kimepewa maisha matatu yaliyo mbalimbali, na katika hayo matatu moja tu lina hadithi ndani yake.

Huenda msomaji akauliza mhakiki wa fasihi ana shughuli gani na mchezo. Jibu halina haja ya kuwa refu. Mchezo huo ulianza kutolewa kwa watu mwaka 2009 na Markus Persson, fundi wa programu wa Uswidi, ukatolewa kamili mwaka 2011, na kufikia mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 zimekwisha kuuzwa. Hapana kitabu cha hadithi cha zama hizi kilichoingia katika vyumba vingi vya vijana kwa kiasi hicho. Wala si mbali na Afrika Mashariki: tangu mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, lilishirikiana na wenye mchezo ili watu wa mitaa ya miji wautumie kuchora viwanja na bustani wanazozitaka. Kazi ya kubuni iliyoenea hivyo ikiachwa bila ya uhakiki, vijana watajifunza kutoka kwake jinsi dunia inavyopasa kutungwa, na hapana atakayewasaidia kupambanua kilichotungwa vyema na kilichotungwa ovyo. Sifongo yafaa kwa zoezi hilo kuliko kitu kingine, kwa kuwa ndani yake makosa na masahihisho ya watungaji yanaonekana wazi.

Kwanza yapasa kuieleza dunia yenyewe. Kila kilichomo kimekatwa vipande vya mchemraba, kila ubavu ukihesabiwa kuwa mita 1. Udongo ni matofali, mti ni matofali, na maji vilevile ni matofali. Mchezaji huvunja tofali hapa na kuliweka pale, na kwa kitendo hicho kimoja hujenga kibanda au mji. Mtu akikata shina la mti, matawi hubaki yakining'inia hewani, na hapana anayeshangaa. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani, na wasomaji wake hawakumwuliza imeshikiliwa na nini. Waliikubali nchi ile kwa kuwa ndani yake mambo yalikuwa na taratibu, na hukumu, na sababu. Ndivyo ilivyo kwa kila dunia ya kubuniwa: haidaiwi kufanana na dunia ya Mungu, yadaiwa kushika sheria zake yenyewe. Mtungaji ana ruhusa ya kuvunja sheria za maumbile kadiri apendavyo. Hana ruhusa ya kuvunja sheria alizozitunga mwenyewe.

Maji katika dunia hii ndiyo yaliyoleta taabu tangu mwanzo. Katika umbo la kwanza la mchezo, mwaka 2009, tofali moja la maji lilijizidisha bila ya kikomo. Lilijaza tofali la jirani, na jirani akamjaza jirani yake, na kila shimo lililokuwa chini au sawasawa na maji likafurika mpaka ukingo wa dunia. Mtu aliyekosea kwa kuutoboa ukuta wa ziwa aliweza kuipoteza kazi yake yote kwa dakika chache. Ili kuwapa watu kinga, katika mwaka uleule mtungaji akaingiza sifongo. Sifongo hii ya kwanza ilikuwa na tabia ya ajabu kabisa. Ilipowekwa ndani ya maji, ilifukuza maji yote katika mchemraba wa matofali 5 kwa 5 kwa 5 kuizunguka, na muda wote ilipokuwa pale, maji hayakuthubutu kurejea. Haikushiba. Haikulowana. Haikudai kitu. Aliyeziweka kwa safu alipata njia kavu chini ya bahari, na njia ile ilidumu mpaka alipoziondoa.

Hayo ni maisha ya kwanza. Maisha ya pili ni mafupi kusimulia, kwa kuwa hayana tukio. Mchezo ulipoendelea kujengwa, sheria ya maji ilibadilishwa. Maji ya chemchemi sasa hutiririka juu ya ardhi tambarare kwa matofali 7, kisha hukoma. Gharika ya zamani ikaisha. Adui alipoondoka, mlinzi naye akapoteza kazi. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2014 sifongo ilibaki katika mchezo kama jina na rangi tu. Haikunyonya hata tone, na mchezaji aliyeishi kwa jasho lake hakuwa na pahali pa kuipata kwa njia ya kawaida. Kila lugha ina maneno ya namna hiyo, ambayo kamusi huyahifadhi baada ya watu kuacha kuyatamka. Ni salama kusema kwamba sifongo ya miaka ile ilikuwa mfano wa pambo katika utungo mbaya: ipo kwa sababu ilikuwapo, na hapana mwenye moyo wa kuifuta.

Mwezi wa Septemba mwaka 2014, katika toleo lililopewa namba 1.8, sifongo ilifufuliwa, na kwa ufufuo huo ikapewa maisha ya tatu, ambayo ndiyo yastahiliyo kutazamwa kwa makini. Sasa sifongo yanywa. Ikigusana na maji, huyanyonya maji ya jirani hata umbali wa matofali 7, na kwa kipimo kilichowekwa mwaka huo haikupita matofali 65 kwa mara moja. Baada ya kunywa hubadilika rangi, ikawa sifongo yenye maji, na sifongo yenye maji hainywi tena. Imeshiba. Mchezaji aliyezoea vifaa visivyochoka hushangaa kuona kwamba kifaa hiki kimefika mwisho wa nguvu zake mara tu baada ya kuzionyesha. Wala mahali palipokauka hapalindwi tena na mtu. Pakiachwa wazi kwa upande mmoja, bahari hurudi na kupachukua.

Kuipata kwenyewe ni safari. Karibu kila kifaa cha mchezo huu huundwa kwa mikono juu ya meza ya fundi, kwa kupanga mbao na mawe na madini katika taratibu maalumu. Sifongo haina taratibu hiyo, haiundwi. Hupatikana katika majumba ya kale yaliyozama katika bahari za kina kirefu, ambayo nayo yaliingizwa katika toleo lilelile. Mwenye kuitaka huzamia kwa pumzi ya sekunde 15, isipokuwa amejitengenezea msaada wa dawa au kofia yenye uganga. Ndani ya jumba wamo walinzi walio mfano wa samaki wenye miiba na jicho moja, na wakuu wao ni watatu, wakongwe, ambao humtia mgeni uchovu wa mikono hata kuvunja jiwe moja kukawa kazi ya kutwa. Akimwua mkongwe mmoja hupata sifongo moja. Yapo pia majumba yenye chumba ambacho dari yake imesheheni sifongo, takriban 30 kwa pamoja. Na hapa mtungaji ametia kejeli nzuri: sifongo zote zipatikanazo huko zimekwisha kujaa maji. Mtu hutoka baharini na hazina yake, na hazina yenyewe haifai kitu mpaka kwanza itumikiwe.

Utumishi huo hufanywa kwa moto. Sifongo yenye maji hutiwa katika tanuri, ikakaushwa kwa sekunde 10, kisha hurudishwa kazini. Kuni zatakiwa, au makaa, au ndoo ya lava. Katika hali hii ya mwisho limo jambo dogo ambalo wachezaji wengi hawaligundui. Lava ikishaingia motoni, ndoo yake hubaki tupu mahali pa kuni. Na sifongo ya kwanza ikaukapo, maji yake huingia katika ndoo ileile. Chombo kilicholeta moto huondoka kimebeba maji. Hapana maelezo yoyote yanayotolewa, wala sifa inayodaiwa. Aliyeona ameona.

Sasa yaweza kuulizwa ni lipi kati ya maisha haya ni bora. Mjenzi atajibu upesi kwamba ni lile la kwanza, kwa kuwa lilimpa mengi na halikumdai chochote. Jibu hilo ni sahihi kwa mjenzi na ni kosa kwa msanii. Katika hadithi za pwani, na katika hadithi za ulimwengu mzima, ajabu haiji bila ya sharti. Jini hutoa, lakini huagiza mlango mmoja usifunguliwe. Pete hutimiza haja, lakini haivaliwi na mkono mchafu. Bibi kizee humwonyesha kijana njia, lakini kwanza amsugue mgongo. Msikilizaji aliyeketi jamvini hajali sana ukubwa wa kipaji. Hungojea kulisikia sharti, kwa maana ajua kwamba hapo ndipo hadithi itakapoanzia. Kipaji kisicho na sharti humaliza habari mara kinapotolewa. Mtu alitaka, akapata, basi. Sharti ndilo linalomrudisha mtu katika kisa na kumwuliza kama aliyepewa ni mtu wa namna gani: msahaulifu au mwangalifu, mroho au mwenye kiasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kuinama huko ndiko aonekanako.

Sifongo ya kwanza ilikuwa kipaji bila ya sharti. Iliweza kusimuliwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikuwa na sehemu ya pili. Sifongo ya sasa ina mwanzo, kati na mwisho: kuna kiu, kuna shibe, kuna moto, kisha kuna kiu tena. Kwa kweli ni kisa kidogo cha mtumishi. Hunywa kwa niaba ya mwingine, hulemewa na alichokunywa, hupelekwa motoni ili arudie hali yake ya kwanza, na hurejeshwa baharini. Aliyemtuma, yaani mchezaji, hufungwa naye katika mzunguko huohuo. Hapandi kutoka majini mara moja, hupanda mara nyingi. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa kazi. Jumba la kale la baharini lina msingi wa matofali 58 kwa 58. Tabaka moja tu la maji lenye ukubwa huo ni matofali 3,364, na kwa kipimo cha mwaka 2014, cha 65 kila mara, sifongo ingetumwa zaidi ya mara 51 kwa tabaka hilo moja, hata kama haikupoteza nguvu zake pembeni. Matabaka ni mengi, na kabla ya yote hayo hapana budi kujenga ukuta wa mchanga kulizunguka jumba, kutoka sakafu ya bahari mpaka juu, la sivyo bahari itarudi usiku. Mtu aliyekausha jumba hilo anayo habari ya kusimulia. Aliyeweka sifongo za mwaka 2009 alikuwa na njia kavu tu.

Ni vyema kuilinganisha sifongo hii na ile ya kweli, maana majina yaweza kudanganya. Muogaji wa Kiswahili amezoea dodoki, ambalo ni tunda la mmea lililokauka likabaki nyuzi. Sifongo ya kweli ni mnyama wa baharini, asiye na ubongo wala mishipa ya fahamu, ambaye kazi yake yote ni kuyapitisha maji katika vitundu vya mwili wake na kuchuja chakula. Katika kijiji cha Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wapo wanawake walioacha kilimo cha mwani, kilichodhoofishwa na kuongezeka kwa joto la bahari, wakashika ufugaji wa sifongo kwa kuzifunga katika kamba majini. Kwao sifongo ni riziki, na hupatikana kwa subira ya miezi mingi. Ikiwa hai, maji huipitia na kutoka. Ikiisha kuvunwa na kusafishwa, hunyonya na kukamuliwa. Kwa hali zote mbili sifongo ya kweli huyarudisha maji. Ile ya mchezo haiyarudishi kwa kukamuliwa. Imepewa moto mahali pa mkono. Je, hili ni kosa? Aristotle, katika kitabu chake cha habari za utungaji, alilipenda zaidi jambo lisilowezekana lakini lenye kusadikika kuliko jambo liwezekanalo lisilosadikika. Kwa kipimo hicho mtungaji hana hatia. Katika dunia ya Minecraft tanuri ndilo ligeuzalo mchanga kuwa kioo, udongo kuwa tofali la kuchoma, na nyama mbichi kuwa chakula. Kila kitakachobadilika hali hupita huko. Sifongo imefuata desturi ya nchi yake.

Hata hivyo, haifai kuisifu taabu kwa kuwa ni taabu. Wapo watakaosema kwamba sharti lisifiwalo hapa ni adha tu iliyovishwa joho, na kwamba mchezaji anayekwenda na kurudi mara mia baina ya bahari na tanuri hafundishwi neno, anapotezewa jioni yake. Hoja hii ina nguvu, na mwenye kuipuuza hufungua mlango kwa kila mtungaji mvivu ajazaye kazi yake vikwazo na kuviita maana. Kwa hiyo chatakiwa kipimo cha kutenganisha sharti na kikwazo, na kipimo chenyewe ni hiki: sharti huota katika tabia ya kitu chenyewe, na kikwazo huwekwa na mkono kutoka nje. Kinywaji hushibisha, kwa hiyo kushiba kwa sifongo ni sharti. Kilicholowa hukaushwa, kwa hiyo moto ni sharti. Mtu haambiwi afanye hivi kwa sababu ameamriwa. Hufanya kwa sababu kitu alichokishika kina maumbile yake, na maumbile hayo hueleweka hata na mtoto asiyejua kusoma.

Kipimo hichohicho kikitumiwa bila ya upendeleo, sifongo haitoki bila ya mawaa. Waa la kwanza ni katika upatikanaji wake. Majumba ya baharini hayalingani. Moja lina chumba cha sifongo, na jingine, lenye walinzi walewale na hatari ileile, halina. Mtu mmoja hutoka na sifongo zaidi ya 30, na mwenzake aliyepigana kwa ushujaa huohuo hutoka na 3 alizopewa na wakongwe. Hapana katika tabia ya mtu, wala ya bahari, wala ya sifongo, sababu ya tofauti hiyo. Ni kura iliyopigwa gizani kabla ya mchezaji kufika. Yaweza kutetewa kwamba maisha nayo hugawa hivyo. Utetezi huo hautoshi, kwani mtungaji amekwisha kuchagua kumlipa mtu kwa kadiri ya jasho lake katika mambo mengine, na hapa ameiacha kanuni yake bila ya kueleza.

Waa la pili ni la hesabu. Sifongo huweza kunywa matofali mengi ya maji, na ndoo iliyoko tanurini hupata tofali moja. Yaliyobaki hayaonekani tena. Kadhalika, sifongo yenye maji ikiwekwa mahali, matone huonekana yakidondoka kutoka kwake, lakini hayalowanishi ardhi wala hayajazi chombo. Ni matone ya macho tu. Mhakiki mkali atasema kwamba hapa dunia imevunja sheria yake. Lakini yafaa kukumbuka jinsi maji yalivyo katika nchi hiyo. Chemchemi mbili zikiwekwa pande mbili za tofali tupu, juu ya sakafu ngumu, huzaa chemchemi ya tatu. Mtu akichota moja, mbili huizaa tena, na kwa kishimo cha matofali manne ataweza kunywesha nchi nzima. Katika dunia ya namna hiyo maji hayahesabiki kama mali. Maji ni hali ya mahali. Sifongo haichukui lita. Huitangaza sehemu ya bahari kuwa nchi kavu. Ndoo ya tanurini basi si malipo ya deni, ni shahidi mmoja aliyeletwa kuthibitisha kwamba unywaji ulifanyika kweli. Kwa tafsiri hii waa hupungua, ingawa halifutiki. Matone yanayodondoka bure hayana mtetezi, maana yanaahidi jambo ambalo mchezo haukusudii kulitimiza.

Kwa upande wa pili, yapo masahihisho ambayo yameongeza uthabiti wa kazi. Imo katika mchezo nchi ya chini, iitwayo Nether, yenye moto na bahari za lava, ambako maji hayakubali kukaa. Mtu akimwaga ndoo yake huko husikia mlio wa mvuke, na maji yamekwisha. Kwa muda mrefu sifongo yenye maji iliweza kuwekwa katika nchi hiyo na ikabaki imelowa, jambo ambalo lilikuwa kinyume cha kila kitu kinachojulikana huko. Mwaka 2019 kosa hilo liliondolewa. Sasa sifongo iliyojaa ikiwekwa Nether hukauka papo hapo. Badiliko hili halikulifuta sharti, limelipa tawi jipya: mtu aweza kuepuka tanuri, mradi akubali kusafiri mpaka nchi ya moto. Moto umebaki moto. Hivyo ndivyo mtungaji mwema anavyoendeleza kazi, kwa kuisikiliza sheria aliyoitunga zamani na kuifuata mpaka mahali ambapo mwanzoni hakufikiri kufika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huitenga sifongo na matofali yote mengine. Dunia hii imejengwa kwa kuongeza. Sifa ya mchezaji ni mnara, daraja, ngome, yaani vitu vinavyoonekana. Tofali lililotumiwa hubaki mahali pake likishuhudia. Sifongo ni kinyume. Kazi yake ikiisha kufanywa vizuri, yenyewe huondolewa, na kinachobaki ni utupu: chumba kikavu chini ya bahari, na kimya. Mgeni aingiapo hatakiona kilichofanywa, ataona tu kwamba ameweza kuvuta pumzi. Katika utungaji pia imo kazi ya namna hiyo. Mwandishi aliyeyafuta maneno mia ili kumi yasikike hana cha kumwonyesha msomaji. Msomaji hupita katika sentensi bila ya kujua kwamba palikuwa na gharika pale. Wanafunzi wengi wa fasihi hufundishwa kustaajabia minara. Ingefaa wafundishwe pia kuuliza, katika ukurasa uliotulia, ni maji kiasi gani yalikwisha kuchotwa.

Hukumu basi ni hii. Sifongo ya mwaka 2009 ilikuwa na nguvu nyingi na maana chache. Ile ya miaka iliyofuata haikuwa na nguvu wala maana. Na ya mwaka 2014 na baadaye imepunguziwa nguvu ikapata maana. Ina kasoro mbili zilizotajwa, na ya kwanza yastahili kurekebishwa. Lakini shina lake ni zima, kwa kuwa mtungaji alipoifufua alikataa kuirudishia enzi ya kutoshiba. Kukataa huko ndiko kulikoipa uhai. Methali ya wahenga haikuvunjwa hata hapo. Katika dunia hii ya matofali maji yaliyomwagika huzoleka, naam, lakini huzoleka kwa safari, kwa walinzi, kwa kuni na kwa kurudia. Na mtu aliyeyazoa hivyo hatatoboa tena ukuta wa ziwa kwa uzembe. Wahenga hawakutaka zaidi ya hapo.